Neti ya Ajambo

Nakumbuka siku moja pale Majanji wingu lilitanda ghafla juu ya ziwa, na wanawake wote tukakimbilia dagaa wetu, wale tunaowaita mukene. Mwanangu, dagaa wakilowa kabla ya kukauka wanaoza, na kazi ya siku nzima inaishia kwa kuku. Kwa hiyo hakuna anayengoja kuitwa. Lakini Ajambo, rafiki yangu, alikaa tu kando ya neti yake ya kuanikia, mvua ikimpiga yeye na dagaa wake.

Nilimkemea mbele ya watu. "Wewe Ajambo, nani amekufia?"

"Hakuna," akasema.

Na kweli hakuna. Mume alikuwapo, watoto wazima. Mimi ndiye niliyekuwa nimemzika mama miezi miwili nyuma kule Bulumbi, basi nikajiona nina haki ya huzuni, yeye hana. Nikamwita mvivu. Hata leo naona aibu kulisema.

Majuma yakapita. Aliacha kusuka nywele, akaacha kanisa, uji ukawa unapoa mbele yake. Kisha asubuhi moja akaniletea ufukweni ile neti, mpya kabisa, aliyoinunua Busia upande wa Kenya. "Chukua, dada. Mimi sitaihitaji tena." Nami, mjinga wa kutupwa, nikashukuru. Nikaibeba nyumbani nikiimba.

Mama mkwe wangu alikuwa uani akipepeta mtama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku hiyo alinipasha.

"Nabwire, mtu anagawa neti inayomlisha, na wewe unapokea tu? Ulimuuliza anakwenda wapi?"

Nikasema nilidhani amechoka na biashara. Akaweka ungo chini.

"Wewe ulipofiwa ulilia mpaka sauti ikakauka. Lakini mjomba wako alipoanza vituko vyake kwenye matanga, ulicheka, na chakula ukala. Huyu mwenzako amecheka lini mara ya mwisho?"

Nilikimbia hadi kwake, nikamkuta ameketi sakafuni. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kufa.

"Nafikiria," akasema. "Hata machozi sina, dada."

Nikaketi naye, sikumhubiria. Sikumwacha peke yake mpaka mumewe alipotoka ziwani, na siku ile ile tukampeleka hospitali, mjini Tororo. Daktari akatuambia huo ni ugonjwa, unaitwa sonona. Humshika mtu hata kama hakuna msiba, ukamnyima usingizi, njaa na hamu ya vitu alivyovipenda, na una tiba. Akapewa dawa, pamoja na mshauri wa kuzungumza naye. Haikuwa haraka, nisikudanganye. Kuna siku alikataa hata kufungua mlango, nami nikakaa nje nikichambua dagaa wangu mpaka afungue.

Mvua za pili zilipoanza, wingu likatanda tena. Kabla sijainuka nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nabwire, kusanya haraka! Na hiyo neti ni yangu, utanirudishia leo."

Nililia pale pale, dagaa mikononi. Neti nilimrudishia siku hiyo hiyo, nimeifua.

Sasa nisikilize, mwanangu. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka, na katikati yake mtu bado anaweza kucheka, akala, akapanga kesho. Lakini ukiona majuma mawili yamepita, mwenzako hana hamu ya chochote na kuamka kumemshinda, usimwambie ajikaze, wala usitafute maiti ndipo uamini kuwa anaumwa. Muulize, keti naye, mpeleke kwa daktari. Akianza kugawa vitu vyake, usiwe kama mimi niliyeondoka nikiimba. Na kama ni wewe, njoo kwangu hata kama huna la kusema, utanikuta nachambua dagaa.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe watu wa kukufuata ukinyamaza, na kila wingu likitanda nikusikie ukipiga kelele pamoja nasi.