Tunakwenda kwa Nani?

Mama alifika kwetu Woodbridge, karibu na Washington, mwezi wa Novemba, akachungulia dirishani, akaona miti yote imebaki vijiti. "Maskini," akasema, "miti yenu imekufa." Nikamweleza haijafa, imelala tu, majani yatarudi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa, akaenda zake jikoni kukanda unga wa maandazi.

Lakini miti haikumuudhi sana. Kilichomuudhi ni milango. Jengo letu lilikuwa na milango kila upande wa korido, na hakuna hata mmoja aliofunguliwa akaambiwa karibu. Mimi nilishinda ofisini Herndon, mume wangu kazini kwake, na mama akashinda na televisheni asiyoielewa. Baridi ilipoanza kulegea alilitamka wazi, huku anachambua mchele: "Mwanangu, nimekuona u mzima, namshukuru Mungu. Lakini huku sirudi tena. Mtu unakaa msimu mzima hujaingia nyumba ya mtu!"

Lilinichoma hilo, tena lilinichoma sana. Nilikuwa na mimba changa, na usiku na mchana nilikuwa namwomba Mungu mama arudi nikikaribia kujifungua. Sikuwa nimemwambia. Kwanza, kwetu mimba changa haitangazwi. Pili, namjua mama yangu: akisikia anahitajika atakuja hata kwa magoti, halafu atakaa tena pale dirishani anatazama vijiti. Mimi nilitaka arudi kwa kupenda.

Ndiyo maana tukapanga safari ya milimani kabla hajaondoka. Siku mbili tu: tupite ile barabara ya juu mgongoni mwa milima ya Shenandoah, tulale mji mdogo upande wa pili, kesho yake turudi. Mume wangu alinunua ramani kituo cha mafuta, ikafunika meza yote ya chakula, na kila penye mandhari nzuri akachora duara jekundu. Alikuwa na furaha ya mtoto wa siku ya Idi.

Mume wangu ni Mkenya wa bara, na kwao mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Alikuwa hamsemeshi mama moja kwa moja, ingawa wote wanasema Kiswahili na wamekaa sebule moja.

"Ambia mama hapa juu tutaona bonde lote," akaniambia.

Mama naye akanijibu mimi. "Mwambie baba mimi nimezaliwa Lushoto. Nitoke mlimani, nipande ndege, nije kuonyeshwa mlima? Halafu, huko tunakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, mama. Tunakwenda kutembea tu."

"Tutalala wapi?"

"Nyumba ya wageni."

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe! Mimi nitamjuaje? Tunalipa, tunapewa ufunguo, tunalala."

"Anajua tunakuja?"

"Atatujua tukifika."

Mama akajikunja vizuri ndani ya khanga yake. "Basi nendeni nyinyi. Mimi sivamii nyumba za watu."

Loo! Hasira zangu mimi haziko mbali. Mume wa watu anachora maduara jioni zote hizo, mimi nimeomba ruhusa kazini, bibi mkubwa anakataa kwa sababu mwenye hoteli hajatangaziwa ugeni! "Unamtaka mwenyewe?" nikasema. "Haya, nakupa mwenyewe!" Nikachukua kijarida cha ile nyumba ya wageni, nikabonyeza namba, nikaiweka simu kwenye spika juu ya ramani. Nilitaka asikie kwa masikio yake jinsi mambo haya yanavyokwenda huku: jina, namba ya kadi, kwaheri.

Ikapokea sauti ya bibi mtu mzima. Kabla sijafungua mdomo, mama akaiinamia simu. "Hujambo, mwenzangu?" akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Wa nyumbani hawajambo? Baridi imewaachia?"

Mume wangu akatazama dari. Mimi sikuwa na la kufanya ila kutafsiri: mama yangu anakusalimu, anauliza hali yako na ya watu wako. Nikajua sasa anakata simu.

Hakukata. Alishusha pumzi, akasema kwa kweli goti linamsumbua tangu ateleze kwenye barafu, na mwanawe wa pekee yuko mbali, hapigi simu. Lakini mitofaa uani imeanza kuchanua. Mama akampa pole ya goti, akamwelekeza namna ya kulikanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Akampa pole ya mtoto. Akauliza matofaa yanaiva lini, akaambiwa Oktoba. Wakaendelea hivyo, mimi katikati, mpaka nikavuta kiti nikakaa.

"Sasa muulize nimletee nini," mama akasema.

"Mama, huku wageni hawa—"

"Muulize!"

Nikauliza. Yule bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kama anajaribu bahati tu, kwamba marehemu mumewe kila akienda Washington alikuwa akimletea samaki wabichi kutoka soko la kando ya mto, na tangu afariki hajaonja samaki ambaye hakutoka kwenye friza.

Mama akajipiga kofi la paja. "Samaki! Sasa hiyo ndiyo safari. Mwambie ahakikishe kuna mafuta jikoni tu."

Toka hapo mipango ilituponyoka mikononi. Asubuhi ya safari tulianzia sokoni Washington, upande ambao si wa kwenda milimani hata kidogo. Mama alikagua samaki mmoja mmoja, anafunua matamvua, ananusa, anarudisha, mpaka muuzaji akaanza kumchagulia wale wa chini kabisa ya barafu. Tukajaza deli samaki na barafu, tukaliweka kiti cha nyuma, mama akakaa ubavuni mwake ameliwekea mkono.

Hewa ilikuwa nzuri ajabu. Pembeni mwa barabara miti ilikuwa imejaa maua meupe na ya zambarau. "Kumbe kweli ilikuwa imelala," mama akasema, na mimi nikajikaza nisimwambie nilikwambia. Tukaingia barabara ya milimani, duara la kwanza likakaribia.

"Ambia mama hapa ndiyo pahali pa kwanza pa kusimama," mume wangu akasema.

"Mwambie baba jua limeshapanda. Twende."

Tukapita. Duara la pili tukapita. La tatu tukalipita wazungu wamesimama ukutani wanapiga picha, na mume wangu ameuma meno.

"Ambia mama hapa ndiyo kuzuri kushinda kote. Si tusimame hata kidogo?"

"Mwambie baba milima haiozi. Samaki wanaoza."

Hapo ukwe ukamtoka. Akageuza kichwa akamwambia mwenyewe, usoni: "Lakini mama, nimepanga hii kitu mwezi mzima!"

Nikajiambia, leo tumeumbuka. Mama akamtazama, akatabasamu. "Pole, baba. Kesho utanionyesha yote, mpaka nichoke." Kuanzia dakika ile wakaongea wenyewe, na mimi nikacheka mpaka nikashika tumbo.

Yule bibi tulimkuta barazani, mkono kwenye nguzo, anatazama barabara. Tangu nimeingia nchi ile sikuwahi kuona mtu ananisubiri mlangoni. Mama alishuka hata gari halijatulia sawasawa. Wakakumbatiana kama waliosoma pamoja. Dakika chache baadaye mwenye nyumba alikuwa amekalishwa kitini jikoni kwake, mguu umewekwa juu ya stuli, na mama amemfunga khanga mpya kiunoni, anakaanga samaki. Hawakunihitaji sana. Waliniita tu pale walipotaka kujua bei za vitu.

Asubuhi, kabla ya kwenda kumlipa mume wangu deni la maduara yake, tuliagana chini ya mitofaa. Petali zilikuwa zinawaangukia kichwani. Mama alikuwa ameshika mikono yote miwili ya yule bibi.

"Mwambie asante. Mwambie asiache kulikanda goti."

Nikatafsiri.

"Mwambie aniwekee matofaa machache. Nitakuja kuyala."

Nikatafsiri mbio, asije akabadili nia. Atakuja!

"Mwambie tutakuja mtoto akishatimiza arobaini."

Nikajifunika tumbo kwa mkono, kama mtu aliyefumaniwa. Mume wangu, aliyekuwa anapakia mizigo, akaliacha begi likaanguka majanini. Mama hata hakugeuka kutuangalia.

"Mbona hutafsiri?" akasema. "Mwenzangu anasubiri."