Fundi wa Viyoyozi Anayezifuata Seva Mawinguni

Saa tano na nusu asubuhi, juu ya paa la zahanati ya ghorofa tatu, mwanamume mmoja amepiga magoti mbele ya mashine ya nje ya kiyoyozi. Anaisugua kwa burashi laini, anaimwagia maji, anaisugua tena. Uchafu unatiririka mweusi kuelekea kwenye mfereji. Wakati mashine inakauka, anajifuta mikono kwenye suruali, anafungua begi la zana na kutoa daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Anasoma huku midomo ikicheza. Anafumba macho, anatamka kitu, kisha anafumbua kuangalia kama amepatia.

"Kuna hifadhi za data za aina tatu, na zote tatu zinanichanganya," anamweleza mwandishi wa makala haya. "Mtihani wa kwanza ndizo zilizonitoa jasho. Zimebaki wiki tatu nirudie."

Wateja wanamwita Fundi Baridi. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akifunga, akisafisha na kufufua viyoyozi vya watu. Sasa anasomea cheti cha awali cha huduma za wingu, yaani ule utaratibu wa kampuni kukodi kompyuta zilizo mbali na kuzitumia kwa intaneti, badala ya kununua na kutunza za kwao. Vijana waliomaliza chuo hukiita cheti cha chekechea.

Ukimuuliza kilichomwingiza huko, hakutajii mshahara. Anakutajia chumba.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, kwenye ofisi za kampuni moja ya bima. Ndani yake mlisimama makabati manne ya chuma yaliyojaa seva, kompyuta zinazotunza kumbukumbu za kampuni nzima na kuzigawa kwa wafanyakazi. Kwa miaka kumi na mmoja, kila baada ya wiki mbili, Fundi Baridi aliingia mle kuhakikisha joto halivuki nyuzi ishirini na moja. Mlangoni palibandikwa karatasi: mafundi wa nje wasiguse makabati.

"Nilikuwa naingia, nayapa mgongo makabati, natazama ukuta," anakumbuka. "Taa za kijani zinacheza nyuma yangu, mimi nahangaika na chujio."

Mara moja tu alitazama ndani. Msimu wa joto mmoja, viyoyozi vyote viwili vilizima kwa pamoja mchana. Msimamizi wa mashine zile, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Seva, alimpigia simu aje mbio. Walifungua milango, wakaazima feni za mezani kwa makarani, na kwa saa sita wakapambana bega kwa bega mpaka joto likashuka. Halafu wakakaa sakafuni, wameegemea ukuta, wamelowa.

Kwa furaha ya kuokoka, Bwana Seva akafungua kabati, akavuta seva moja na kumwonyesha. Akamwambia mjane akileta karatasi zake za madai kule chini, jibu lake linatoka humu. Fundi Baridi akaomba afundishwe zaidi.

"Siku nyingine, fundi," Bwana Seva akasema.

Aliomba tena baada ya mwezi, akaomba tena baada ya mwaka. Jibu lilikuwa lile lile. "Hakuwa mtu mbaya," anasema. "Alikuwa na shughuli zake. Na mimi mtu wa viyoyozi, angenianzia wapi?"

Miaka miwili iliyopita aliitwa kwenda kuving'oa viyoyozi vile. Hakuelezwa sababu. Alipofungua mlango alikuta sakafu tupu, na mahali yaliposimama makabati rangi ya sakafu bado mpya.

"Mle ndani tulizoea kupaza sauti, maana seva zina kelele," anasema. "Siku ile nikasalimia kwa sauti ile ile ya siku zote. Ikanirudia mwenyewe."

Alimkuta Bwana Seva akipanga vitu vyake kwenye boksi, akamuuliza mashine zimekwenda wapi. Akajibiwa kwamba kazi zote zimehamia mawinguni. Alidhani anafanyiwa mzaha.

Chumba kile kilikuwa kikimletea theluthi ya kipato chake. "Pesa iliniuma, sitakudanganya," anasema. "Lakini wateja wengine nilipata. Chumba kama kile sikupata tena."

Mkewe, anayeshona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yao, aliona mabadiliko kabla hajaambiwa. Mumewe akishamaliza kula, alikuwa akisogea pembeni na simu, anaiweka sikioni, anasikiliza bila kusema neno.

"Nikajua tayari, ana mwanamke," anasimulia mama huyo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Siku moja nikamnyatia nisikie ni nani huyo. Nikakuta feni zinavuma."

Ilikuwa sauti ya chumba cha seva, sekunde arobaini, aliyoirekodi zamani akichunguza mlio wa kiyoyozi. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mwenzake hacheki.

Mkewe ndiye aliyemtafutia darasa. Mteja mmoja, msichana aliyeleta sketi ipunguzwe, alitaja katika maongezi kwamba anafundisha mafunzo ya siku tano ya huduma za wingu. Mama akashusha futi ya kupimia na kuuliza kama wanapokea watu wenye mvi.

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane. Baada yake, mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka ishirini na saba. Walimpa jina la Mzee wa Gesi, wakamwachia kiti cha mbele. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza aliandika kurasa kumi na tatu za maneno asiyoyajua. Siku ya pili, mchana, alikunja daftari akateremka ngazi. Mwalimu, yule msichana wa sketi, alimfuata.

"Mzee wangu, ofisi ikijaa watu mchana, kiyoyozi chako kinafanya nini?" Mwalimu alimuuliza.

"Kinaongeza nguvu."

"Na wakiondoka?"

"Kinapunguza. La sivyo umeme unakwenda bure."

"Basi hicho ndicho ninachofundisha tangu asubuhi. Kompyuta zinaongezwa watu wakizidi, zinapunguzwa wakipungua, na unalipia ulichotumia. Rudi ukae."

Alirudi. Tangu hapo kila somo alilitafsiri kwa Kiswahili cha kazi yake, pembeni mwa daftari, kwa kalamu nyekundu.

Siku ya tatu mwalimu aliuliza darasa wingu ni nini hasa. Watu wakajibu kwa maneno marefu ya kitabuni. Fundi Baridi akanyoosha mkono, akasema ni chumba cha mtu mwingine, na lazima mna joto. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliwasha projekta na kuonyesha picha ya jengo lenye makabati ya seva, safu kwa safu, mpaka jicho lilipokoma.

Wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, yeye alisogea mpaka ukutani. "Nilitazama darini kwanza, hewa inapita wapi," anasema. "Kumbe hazikupotea. Zipo mahali, na kuna mtu anazipooza."

Mtihani una maswali sitini kwa dakika tisini, na alama ya kufaulu ni sabini kwa mia. Alipata sitini na sita. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kusafisha viyoyozi vinne dukani kwa mteja, na hakumwambia mtu mpaka jioni.

Ada ya kurudia ni sawa na kipato chake cha wiki tatu. Alitaka kuacha. Mkewe akamkatalia, akaongezea pesa za sare. "Kuliko kuishi na mtu anayesikiliza feni," anasema, "bora umlipie mtihani."

Alhamisi iliyopita, wiki tatu baada ya siku ile ya paa la zahanati, alirudia. Alitoka chumba cha mtihani, akakaa kwenye ngazi, akampigia mkewe simu. Akatamka namba tu: sabini na sita. Upande wa pili ikasikika cherehani ikisimama.

Mwalimu hamfichi kitu. Amemwambia kuwa cheti hiki peke yake hakimpi kazi ya kompyuta mtu anayekaribia hamsini. Ila wanaojua baridi na wanaojua pia mashine zinazopoozwa ni wachache. Pembeni mwa mji limejengwa jengo jipya la seva. Fundi Baridi amewapelekea wenye jengo barua mbili za maombi ya kazi, na hajajibiwa hata moja. Jumatatu anapeleka ya tatu, na safari hii ina nakala ya cheti.

Kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumamosi, huenda kusimama nje ya uzio wa jengo hilo. Mashine za nje za viyoyozi ziko tisa. Mwezi uliopita alisikia ya tatu kutoka kushoto ikilia kwa mbali, mlio wa beringi iliyochoka. Akamwambia mlinzi. Mlinzi akamuuliza yeye ni nani hapa, akasema si mtu wa hapa, akaambiwa aende zake. Wiki iliyofuata alirudi na maneno yale yale, na mlinzi, pengine kwa kuchoka naye, akayaandika kwenye kitabu cha zamu.

Jumamosi iliyopita, siku mbili baada ya kufaulu, mashine ya tatu ilikuwa ikizunguka kimya kama zile nyingine. Fundi Baridi alisimama pale nusu saa nzima, vidole vikiwa vimeshika uzio.

"Kuna mtu mle ndani aliyesoma yale maneno akainuka kwenda kuitazama," anasema. "Simjui. Nataka huyo ndiye niwe nafanya naye kazi."