Mkono Uliobaki Pichani

Mtu aliyepigwa picha kuliko sote hapa Mji Mkongwe amefariki, na nyumbani kwake haikupatikana picha yake hata moja ya kutazamika. Ilikuwapo ile ya kitambulisho tu, aliyoambiwa asicheke, nayo imemtoa kama mtu aliyesingiziwa wizi wa kuku na sasa anaanza kuamini kwamba kweli kaiba. Siku ya tatu, baada ya hitima, mkewe aliniita. Yumo edani, kwa hivyo mimi nilikaa ukumbini naye akazungumza nyuma ya pazia la chumba. “Shemeji,” alisema, “nimekaa naye umri wangu wote, na sasa nikifumba macho namwona yule wa kitambulisho. Miye simtaki yule. Nitafutie mwengine.” Nikamuuliza nitampata wapi. “Hao watalii si wamempiga miaka yote? Waulize.” Nikasema watalii wamesharudi kwao. Pazia likajibu, “Kwani kwao hakuna simu?”

Nieleze marehemu alikuwa nani. Alikuwa karani wa bandari ya Malindi, hapa hapa mjini, kazi yake kuandika kila mzigo uliotoka na ulioingia, na alipostaafu akahamishia kiwiliwili chake kwenye baraza ya nyumba yake, katika kichochoro ambacho wageni hupita kwa mstari nyuma ya mtembezaji aliyeinua mwavuli juu. Alikuwa na ndevu nyeupe, kofia iliyoshonwa kwa mkono na kikombe cha kahawa, yaani kila kitu ambacho kamera imesafiri kukitafuta. Nilikaa naye takriban kila siku baada ya alasiri. Wageni wakifika kwetu walisimama, wakanong’onezana, wakampiga yeye, kisha wakaendelea na safari. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sinia ya kahawa, na nilikatwa katika picha nyingi sana.

Kupigwa hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kutosalimiwa. “Mtu anakuchukua mzima mzima, na kofia yako, na hata hujambo huambiwi,” alikuwa akisema. “Mzigo gani huo unaotoka bila kuandikwa?” Basi akawa anauandika. Alinunua daftari kubwa, akalipigia mistari kwa rula kama alivyozoea bandarini: siku, umbile la mpigaji, kasalimu au hakusalimu, na anwani ya barua pepe kwa wale waliokubali kuiacha, “kakataa” kwa wengine. Kila kamera iliposhuka, alimwita mwenyewe kwa kidole, akampa kalamu. Wengi walidhani ni kitabu cha wageni, wakaandika kwamba kisiwa ni kizuri sana. Maandishi yake mwenyewe yalikuwa mafupi. “Mama mrefu, kofia ya ukili, hakusalimu, kachukua mbili.” “Kijana, suruali fupi mno kwa umri wake, kasalimu kwa Kihispania, nimekubali.” Katika maelfu ya mistari ya daftari lile sikuona nafasi hata moja aliyoiacha wazi. Niliamini hivyo mpaka wiki hizi mbili zilizopita.

Alikuwa pia na mkono. Kamera ikielekezwa kwake, aliinua mkono wa kulia, kiganja wazi, usawa wa uso, kidole cha mwisho kikiwa kimepinda tangu kilipobanwa na kasha gatini. Wengine waliuona mkono ule wakashusha kamera kwa aibu. Wengine waliuona wakapunga na wao. Siku moja mtembezaji mmoja, kijana mwenye adabu, alimwamkia kisha akauliza, “Mzee, hapo ulikuwa unawakataza au unawasalimu?” Akamjibu, “Wenyewe wanajua.” Yule kijana akanigeukia mimi. Nikamwambia nimekaa naye miaka tisa na bado nasubiri kuambiwa.

Baadaye akapata nafasi ya kulipiza kisasi, au tuseme ya kuwafundisha watu kazi. Binti yake ameolewa Kopenhageni, akamwalika miezi mitatu na kumnunulia kamera ndogo ili asichoke na ukimya. Mzee akachagua benchi kwenye kituo cha treni, akakaa kama anavyokaa barazani, akaanza kuwatazama watu wa mji ule. Alinisimulia kwamba wanatembea kama waliosahau moto jikoni, na kwamba aliona mtu akila andazi, akisoma na akifunga kamba ya kiatu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwambia polepole. Lakini kuwapiga picha bila salamu, hapana, hilo hakuliweza. Basi kila aliyempenda alimsimamisha kwa Kiingereza chake cha bandarini: habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na wazee je? Salamu zikikamilika ndipo anainua kamera.

Alirudi na picha zaidi ya mia, na zote zina sura moja. Mwanamume mwenye mkoba, msichana mwenye nywele za kijani, askari wa kituo, wote wanatazama kamera kwa uso wa mtu anayejiuliza huyu mzee alikuwa jamaa gani na vipi amemsahau. Hakuna hata mmoja aliyenaswa bila kujua. Askari alimuuliza anafanya nini pale. “Nawaamkia watu,” akajibu. Askari akamuuliza ni wa chama gani. Bibi mmoja mwenye mbwa aliitikia salamu zote moja moja: nyumbani kwema, watoto hawapigi simu, goti linamsumbua, mbwa naye ana pumu. Mazungumzo yalichukua saa nzima, na walipoagana mzee akakumbuka kwamba hakumpiga. Binti akamwambia, “Baba, huku watu hawasalimiwi ovyo.” Akamuuliza, “Sasa wanajuana vipi kama wazima?” Binti anasema bado analo swali hilo, na kwamba wiki ile aligonga mlango wa jirani yake kwa mara ya kwanza.

Binti ndiye mtu wa kwanza niliyemuuliza kuhusu picha. Anazo mbili. Katika moja baba yake amejifunga skafu na kofia ya sufu mpaka macho, unaweza kuapa ni furushi la nguo. Katika ya pili ametupa mgongo, anazungumza na yule mbwa. Nikawauliza wenzetu wa barazani, kila mmoja akafungua simu yake. Zikatoka picha za mpira, paka, mafuriko ya Darajani, sahani za urojo na mguu wa mtu uliovimba. Yeye hakuwamo. Nikafungua yangu, nayo ni vivyo hivyo. Tunapiga picha kitu tunachodhani kesho hakitakuwapo, na yeye kesho alikuwa yupo, tena mapema kuliko sisi, na kahawa ameshaagiza. Mgeni aliyefika kwa siku nne alijua jambo ambalo sisi tuliokaa naye hatukulijua, kwamba yule mtu anapita.

Ikabaki daftari. Wenye anwani zinazosomeka walikuwa kumi na mmoja, nikawaandikia wote, nikianza na habari za nyumbani kwa heshima ya marehemu. Barua pepe saba zilirudi kwamba mtu huyo hayupo. Watatu hawakujibu. Mmoja, mwalimu wa shule aliyepita kwetu mwaka jana, alijibu siku ile ile. Alisikitika sana. Alisema anaikumbuka vizuri baraza ile, na picha aliyoipiga pale ndiyo picha yake bora ya safari nzima, ameikuza na kuitundika sebuleni. Alikuwa ameiambatisha, nikaifungua.

Ni mimi. Nimelala nimeegemea ukuta, mdomo wazi kama mtungi, kofia imeshuka kwenye jicho moja, na juu ya tumbo langu pamesimama kikombe cha kahawa ambacho naapa sikukiweka mimi. Aliyekuwa macho na mwenye ndevu nzuri alikatwa, aliyekuwa anakoroma akachukuliwa mzima. Katika sebule moja ya Ulaya watu wanakula chakula chao cha jioni wakitazama meno yangu ya nyuma. Na pembeni, upande wa kulia, umeingia mkono. Kiganja wazi, usawa wa uso usioonekana, kidole cha mwisho kimepinda.

Sitaficha kwamba nilikaa na picha ile siku mbili. Nilifikiria kusema sikupata kitu. Kisha nikafikiria kujikata mwenyewe na kumpelekea mkono peke yake, nikaona huo ni uchawi. Siku ya tatu niliitoa kwenye karatasi, nikaenda, nikaipitisha chini ya pazia. Nilisikia karatasi ikiinuliwa. Kisha nikasikia kicheko ambacho sikukisikia nyumba ile tangu msiba, kirefu, cha kukatisha pumzi. “Shemeji,” akasema alipoweza, “kumbe ndivyo mnavyofanya huko nje mnaposema mnajadili mambo ya nchi?” Nikajitolea kuipunguza, nibaki nje. “Usiikate,” akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. “We ndiye uliyekuwa naye.” Ameiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, na kila anayekwenda kumpa mkono wa tanzia hunipitia mimi kwanza. Anasema tangu siku ile yule wa kitambulisho hajarudi.

Nami nimejifunza somo langu, nalo ni dogo. Sasa nikifika barazani nawasalimu wenzangu mmoja mmoja mpaka mwisho, goti la nani na mtoto wa nani, kisha natoa simu nawapiga. Wananuna. Wanasema nimekuwa mtalii. Nawaambia ndiyo, nimefika juzi na sijui naondoka lini.

Limebaki jambo moja. Mjane anasema katika picha ile mumewe anakataza, kwa kuwa hakupenda rafiki yake apigwe akiwa amelala. Binti yake, kwa simu kutoka Kopenhageni, anasema baba anasalimu, na kwamba kile kikombe juu ya tumbo langu ni kazi yake, kwa hivyo alikuwa anafurahi. Wameniomba niamue. Nimemwandikia tena yule mwalimu, hajajibu. Nimefungua daftari: siku imeandikwa, umbile la mpigaji limeandikwa, anwani ipo, na mahali pa kasalimu au hakusalimu, yule karani ambaye hakuwahi kuacha nafasi wazi ameacha wazi. Shahidi mwengine aliyekuwapo ni mimi, na mimi, kama sebule ile inavyojua, nilikuwa nimelala.