Tembo wa Chumba cha Mama

Fundi wa fremu alikuwa na kijicho, tena hakukionea haya. Kuta za nyumba yake zilikuwa tupu, isipokuwa kalenda ya mwaka juzi; kinyozi hajinyoi. Lakini sebuleni kwa mdogo wake, Kitinda, ungedhani wanyama wamehamia mjini: chui, twiga, na bundi mwenye macho ya mkaguzi, wote kwenye mabango ya zamani yaliyotoka stoo ya shule fulani. Wageni walishika viuno wakashangaa. "Kitinda ana jicho!" Na zile fremu alizotengeneza dada mtu, ambazo pembe zake zilikutana bila kupitisha hata unywele? Kimya. Kana kwamba ziliota zenyewe ukutani!

Hayo angeyameza. Ila sasa Mama alikuwa anahama, na Jumapili angesema atakaa kwa binti yupi. Fundi alimtaka Mama kuliko kitu chochote duniani.

Jumatatu Kitinda akaleta bango la tembo na ndama wake.

"Dada, naomba liwahi Jumapili."

"Linakwenda ukuta gani?"

"Chumba cha Mama."

Chumba cha Mama! Kana kwamba yameshakwisha. Roho ilimuuma fundi, lakini mkono wake ulifanya kazi kama siku zote: ukaandika kwa penseli kwenye ubao wa mgongoni mwa fremu jina la mteja na mahali pa kutundika. Hata usingizini angeandika. Fremu ilipokamilika, tembo alipendeza mno, na fundi hakuweza kumwachia.

"Unyevu umeliharibu bango, mdogo wangu," alimwambia Kitinda kwenye simu.

"Basi, dada. Ni karatasi tu, usijisumbue."

Upole ule ulimkera kuliko tusi. Jioni hiyohiyo akamtundika tembo kwenye chumba alichomwandalia Mama.

Jumapili Mama alianzia kwake. Alikaa kitandani, akaona picha, akatabasamu. "Nyie watoto! Mmenikumbuka mpaka kwa picha ya tembo?"

"Nilikuwaza wewe tu, Mama."

Fundi wa kuta tupu hakuwa na mazoea ya misumari. Fremu ilikuwa imeinama kidogo, na Mama ni mtu asiyeweza kutazama kitu kilichopinda. Kabla fundi hajamzuia, aliishusha arekebishe kamba. Akaigeuza, akaona penseli kwenye ubao. Akasogea dirishani kusoma, ingawa maandishi ya bintiye aliyajua tangu darasa la kwanza.

*Kitinda. Chumba cha Mama.*

Mama hakufoka. Alifungua mkoba, akatoa funguo za nyumba anayoiacha, alizokuja kumkabidhi, akazitazama, akazirudisha.

"Nilikuja kukwambia nitakaa kwako," alisema. "Hata kama ukutani pangekuwa na kalenda yako ya mwaka juzi." Akasimama. "Haya, mbebe huyo tembo. Tunampeleka kwa mwenyewe, na mimi nabaki hukohuko."