Nilipowazuia Ng'ombe wa Mahari Yangu

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa mara mbili. Nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo, nikapangiwa kituo cha karantini nje kidogo ya Tabora, kando ya barabara ya zamani ya misafara inayoelekea magharibi. Karantini, kwa asiyeijua, ni mahali ambapo ng'ombe wanaoingia kutoka mkoa mwingine au nchi jirani huzuiliwa kwa siku kadhaa, mpaka ijulikane kwamba hawakuja na maradhi wala kupe.

Mkuu wa kituo, ambaye wote tulimwita Bwana Mkaguzi, alikuwa mzee wa mjini, mcheshi, kofia yake ya kufuma haikumtoka kichwani. Alipoitikia shikamoo yangu aliniuliza kupe ana miguu mingapi. Nikajibu haraka kwamba ana minane. Akasema aliyeanguliwa juzi ana sita, na huyo ndiye mjanja zaidi. Kisha akanipeleka kwa fahali mmoja mwekundu, akaniamuru nitie vidole ndani ya sikio lake.

"Macho huona kupe aliyeshiba," alisema. "Mwenye njaa utamjua kwa vidole."

Nikapapasa masikio, kwapa, chini ya mkia, katikati ya mapaja. Kabla ya adhuhuri koti langu lilikuwa na rangi ya samadi, na nilikuwa nimepata kupe kumi na mmoja. Bwana Mkaguzi akapata wengine wanne kwa fahali yule yule. Jioni mama aliliangalia koti, akacheka, akaniuliza kama ng'ombe alikuwa amelala juu yangu.

Tuliyekuwa tukimwogopa hasa ni kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Huyo ndiye hueneza ndigana kali: ng'ombe hupanda homa, tezi chini ya masikio huvimba, pumzi humbana, na asipotibiwa mapema hufa. Ubaya wake ni kwamba ng'ombe aliyeuzoea ugonjwa huo anaweza kuonekana mzima kabisa, huku kupe waliomng'ata wakiupeleka kwa ng'ombe wa jirani.

Baada ya mwaka mmoja nilihamishiwa Sikonge, kusimamia josho, yaani handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa, ambamo ng'ombe huogelea na kutokea upande wa pili. Wenyeji walikuwa watu wa tumbaku na asali, lakini makundi ya ng'ombe kutoka kaskazini yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi. Huko nilijifunza kwamba ng'ombe lazima anywe maji ashibe kabla ya kuogeshwa, la sivyo atainywa dawa. Nilijifunza pia kwamba wale wa mwanzo hurudishwa mara ya pili, kwa sababu walipotumbukia dawa ilikuwa bado imetuama chini. Wafugaji walidhani nawaonea, mpaka nilipowachotea dawa kwa ndoo kabla na baada, wakaona wenyewe tofauti ya rangi.

Aliyekuwa juu yangu wakati huo ni Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mtu mkimya aliyependa pikipiki yake kuliko chakula. Siku moja nilimpitisha mfanyabiashara bila kuwapapasa ng'ombe wake, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa safi. Daktari hakufoka. Aliniambia tu kwamba kibali kinamweleza ng'ombe aliyeondoka, mimi nimeajiriwa kumkagua aliyefika.

Niliporudishwa Tabora, Bwana Mkaguzi alikuwa amestaafu, nikakabidhiwa kituo. Daktari naye alikuwa amehamia huko. Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Maganga, fundi seremala wa mjini, ambaye kwao ni upande wa Shinyanga. Wazee walishakubaliana mahari ya ng'ombe. Baba yake, Mzee Luhende, akaona ni fedheha kuwaleta kwa lori kama magunia. Akawaswaga kwa miguu pamoja na nduguze wawili, wakielekea kwetu Isikizya, ambako baba yangu alikuwa ameshaalika nusu ya kijiji.

Lakini kila kundi kutoka mkoa mwingine lilipaswa kupitia kwanza kituoni kwangu.

Niliwaona wanakuja, nikalijua lile kundi kabla ya kuambiwa. Nikapiga magoti vumbini kumwamkia mkwe wangu, macho chini, kama nilivyofunzwa. Akaitikia kwa furaha, akasema hakutegemea kukutana na bibi harusi njiani. Kisha nikainuka, nikavaa buti za mpira, nikaomba kibali.

Kibali kilikuwa cha halali, kimegongwa muhuri. Lakini kilitaja majike wawili weusi, na mbele yangu walisimama majike wawili wa madoa. Mzee hakuficha kitu. Alisema wale weusi walichechemea njiani, akawabadilisha mnadani, na hawa walikuwa wazuri zaidi. Nikatia vidole masikioni mwao. Kupe walijaa kama punje za mtama. Mmoja wao alikuwa na tezi iliyoanza kuvimba.

Nikamwambia kundi lote haliendi popote kwa siku ishirini na moja.

"Mwanangu," alisema Mzee Luhende, "unawakataa ng'ombe wako mwenyewe?"

Nilijua kwamba ng'ombe wa baba, na wa majirani waliokuwa wakikopeshana madume kwa miaka mingi, wangechanganyika na hawa kisimani siku hiyo hiyo. Nilijua pia kwamba mchumba akinisusa, mjini kungekuwa na hadithi ya kusimulia mwaka mzima. Baba akafika kwa baiskeli, jasho linamtoka, akauliza wageni awaambie nini. Nikaogopa. Nikatuma ujumbe kwa Daktari aje aamue yeye, ili isisemwe nimewapendelea wala nimewaonea watu wangu.

Alikuja na pikipiki yake. Akawakagua ng'ombe mmoja mmoja bila haraka, akanawa mikono.

"Wangekuwa wa mtu mwingine ungefanya nini?" akaniuliza.

"Ningewazuia."

"Sasa mimi umeniitia nini?"

Akaenda kunywa chai na wazee, akaniacha nijaze fomu.

Harusi ikaahirishwa. Maganga alikuja jioni, nikajiandaa kwa maneno, lakini yeye alipima tu mlango wa kibanda cha mlinzi uliolegea, akautengeneza ili baba yake alale vizuri. Hapo nilijua naolewa na nani.

Siku ya tisa yule jike mwenye tezi alishikwa na homa. Tulimchoma sindano, hakupona. Mwenzake naye akaugua, ila huyo tulimuwahi. Mzee Luhende alimshika kichwa usiku na mchana wakati natibu, na tangu siku hiyo hakuuliza tena kwa nini. Akaanza kuamka mapema kunywesha ng'ombe kabla ya kuingizwa josho la kituo, akawagombeza wafugaji wengine waliotaka kuruka foleni. Baba yangu, aliyekuja mwanzoni kulalamika, akawa anakuja kila siku kubishana naye kuhusu mabaka ya ng'ombe na jina la kila baka. Walipatana kuliko sisi wachumba.

Siku ya kuwatoa ikafika, na mkwe wangu akasimama kueleza kwamba atamleta mwingine badala ya yule aliyekufa. Baba akamkatiza.

"Alifia mikononi mwa binti yangu," alisema. "Kwa hiyo alifia kwangu."

Tukaoana Jumamosi iliyofuata. Mzee Luhende aliporudi kwao aliwahimiza wenzake wakafufua josho lililokuwa limeota majani.

Leo nimestaafu, niko Isikizya na ng'ombe wachache wa maziwa. Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na raha. Nawaambia ni kazi ngumu kuisifia, maana ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea: ng'ombe wanaendelea kula majani, na hakuna anayejua kwamba walikuwa wafe. Lakini mimi nilikuwa najua, na hiyo ilinitosha kuamka.

Mwaka jana nilinunua mtamba, jike ambaye hajazaa bado, kutoka Iringa. Lori lake likasimamishwa kituoni na binti mdogo aliyeajiriwa juzi, akasema mtamba hapiti, lazima ashinde siku zake. Aibu yangu naisema mwenyewe: nilichukia. Nikamwuliza kama ananijua mimi ni nani.

"Nakujua, mama," alinijibu kwa heshima. "Ndiyo maana nimemkagua mara mbili."

Nikatafuta kivuli nikakaa, nikamwacha afanye kazi.