Nyavu za Shemeji

Sajini mstaafu alikuwa na hasira tangu asubuhi, naye ni mtu ambaye hasira ikimpanda mikono hutulia. Alikata shashi ya bandeji, akaichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea, akaipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, akaitandaza kwenye meza ya kulia. Mkewe alikata karatasi laini, za kijani na za kahawia, vipande vidogo kama punje za mchele. Kila kipande kilibandikwa kwa kibano. Wavu wa kufichia lori lenye urefu wa kidole uliwala siku mbili, na malori yalikuwa sita.

Kazi ilitoka jeshini. Jumba lao la maonyesho lilitaka mfano mdogo wa ile kambi iliyopigwa na ndege miaka thelathini nyuma, wakafa watu tisa. Mmoja wao alikuwa kaka wa mkewe, kiongozi wa kikosi cha nyavu, na Sajini alikuwa chini yake. Taarifa ikasema malori yalionekana kwa uzembe wa kikosi hicho. Maiti hajitetei, basi uzembe ukabaki kwa shemeji.

Kapteni wa jumba, kijana mwenye adabu zake, alipita kukagua.

"Mzee, kazi safi. Ila hizi nyavu zilegeze, ziporomoke upande mmoja. Ziendane na taarifa."

"Umewahi kufunga wavu, kapteni?"

"Hapana, mzee. Mimi nimewekwa kwenye maonyesho tu."

"Basi."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzembe gani? Siku ile saa nne asubuhi Meja, mkuu wa kambi, aliletewa mpiga picha, akataka malori yake yapendeze, akaamuru nyavu zitolewe. Shemeji alikataa mara mbili. Mara ya tatu alitishiwa mahabusu, akatii. Ndege ikaja kabla picha ya pili haijapigwa. Meja akapona, akaandika taarifa kwa mkono wake, akapanda vyeo mpaka akastaafu jenerali. Fedhuli mkubwa.

Lakini taarifa ilihitaji shahidi, na shahidi aliyetia sahihi alikuwa Sajini, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyetaka kuoa na kuogopa kupoteza kazi. Mkewe hakuyajua hayo yote; aliamini tu kwamba kaka yake hakuwa mzembe. Nusu ya ile hasira ilikuwa juu yake mwenyewe, na ndiyo iliyomnyima usingizi.

Hakulegeza kitu. Wavu uliozembewa hujikunyata ovyo kama nguo chafu. Uliotolewa kwa amri hukunjwa mara nne, ukafungwa kamba tatu, ukalazwa juu ya boneti. Askari yeyote anajua. Akazikunja zote sita hivyo hivyo, mkewe akimkatia uzi, akisema, "Safari hii watamwomba radhi kaka."

Siku ya ufunguzi Jenerali aliinama juu ya mfano, akatazama kwa muda mrefu.

"Nani kakwambia zilikunjwa?"

"Wewe, afande. Saa nne asubuhi."

Askari wazee waliokuwa nyuma wakasogea waione mikunjo. Jenerali akatabasamu. "Mbona taarifa ina sahihi yako?"

Sajini angeweza kukana. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

"Ni yangu," alisema. "Uliandika uongo, nikautia sahihi. Kapteni, andika na hilo."

Kapteni akaandika. Wiki ile ile kibao cha maelezo kilibadilishwa, na jina la shemeji likasafishwa mbele ya watu.

Mkewe hakuhudhuria. Alikuwa chumbani akikunja nguo zake, na Sajini alipoingia na habari hiyo hakugeuka.

"Mama yangu alikufa akimwonea haya mwanawe," alisema. "Miaka kumi na minne ulikula kwake, ukimsikiliza. Neno moja lingetosha."

Mkewe akafunga begi.