Mlio Nyuma ya Baiskeli Yangu

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize. Haya sikusimuliwa na mutu. Yalinikuta mimi, njia ya kutoka Lusangi kwenda Kabambare, jua likiwa bado juu.

Nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli. Mama mmoja mwenye kitenge cheusi akanisimamisha. Hakunisalimu. "Kabambare," akasema, akakaa nyuma.

Hatukufika mbali, nikasikia nyuma kwii, kwii, kama bawaba kavu. Nikamwomba ashuke, nikaipindua baiskeli, nikalizungusha gurudumu: kimya. Nikagonga spoki zote, hakuna iliyolegea. Nikatia mawese kidogo kwenye ekseli. Tukaondoka. Kwii, kwii. Breki, basi? Nikailegeza. Bado.

"Juu ya nini unasimama kila mara?" akafoka.

"Velo iko inalia, mama."

"Velo yako iko muzima. Endesha!"

Tukafika kwenye mlima, pale abiria wote hushuka. Akatembea nyuma yangu, mimi nikasukuma. Mlio haukukoma. Sasa niambieni, gurudumu lisilobeba kitu linalia nini? Nikasimama, nikainama kama mutu anayerekebisha kandambili yake. Gurudumu likatulia. Mlio ukanipita, ukapanda mlima mbele yangu.

Wallahi, ulikuwa unatoka kwenye magoti yake. Kila hatua, kwii.

Akageuka. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Muongo."

Akateremka polepole, bila kuniondolea macho, akanishika goti la kulia. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa baridi, kama chuma kilicholala kwenye mvua. Sijui nilijichomoaje. Nilimsukumia baiskeli, nikakimbia nikichechemea mpaka nyumba za kwanza. Wanaume waliorudi nami waliikuta baiskeli imelala njiani. Mama hakuwepo, na pale hakuna pa kujificha, ni majani mafupi tu pande zote.

Goti hili halikunjiki tena. Hospitalini walilipiga picha, wakaniambia mifupa iko mizima. Msikitini naswali nikiwa nimekaa kwenye kiti. Asubuhi mke wangu ndiye anayenivalisha suruali, na yeye hulikwepa goti hilo asiliguse.

Wewe unayebeba watu, nisikilize. Gurudumu likinyamaza hewani, kisha likalia abiria akipanda, usiendelee kutafuta. Mwambie velo imekufa, umwache hapohapo. Na akikuuliza umesikia nini, usimjibu. Kimbia.